Asante Moja kwa Siku

Jumapili, 5 Oktoba

Sijawahi kuandika shajara, na hii wala sikuiomba. Ni agizo la mchungaji. Baada ya ibada aliwabakiza watumishi wote, kuanzia wazee wa kanisa mpaka wanaofagia, akasema msimu huu wa mvua kila mtumishi ataandika asante moja kwa siku mpaka Jumapili ya Shukrani, mwisho wa Novemba. Asante isirudiwe. Na kesho yake, siku ya kufunga, kila mmoja amshukuru mtu aliyemuumiza. Hapo watu wakaguna. Mzee wetu wa besi, ambaye kwaya nzima inamwita Ngurumo, akauliza, "Na kama hakuna aliyetuumiza, mchungaji?" Mchungaji akacheka. "Subiri, mzee wangu. Msimu bado mrefu."

Mimi nilinuna. Nina kwaya ya kufundisha, nina pasi ya kusukuma kwa dobi kutwa nzima, nina mume fundi wa majokofu anayeacha vipuri vyake mpaka kitandani. Lakini mwalimu wa kwaya akikaidi, kesho wanakwaya wote watakaidi. Haya basi: asante kwa kuwa leo mvua haijanyesha.

Jumatatu, 6 Oktoba

Imenyesha. Asante kwa mwavuli.

Jumanne, 7 Oktoba

Asante kwa mume wangu kuondoa kompresa kitandani. Ameiweka kwenye kiti changu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Alhamisi ni siku yangu na Mama Alto. Jina hilo nilimpa mimi, wakati ule alipoingia kwenye kwaya, mfupi wa kunifikia begani, akijiona soprano, na kila akipanda juu sauti inamkatikia njiani. Nikamshusha kwenye alto, na tangu hapo hakuna anayemwita vingine, hata watoto wake. Kila Alhamisi jioni tunapiga magoti mbele ya kochi lake, yeye mwisho huu na mimi mwisho ule, tunaombeana. Mama yangu alipofariki ni yeye aliyehamia kwangu, akapika, akaosha vyombo, na akawatoa kwa adabu wageni wasiojua kuaga. Sina dada wa tumbo moja, na tangu msiba ule sijawahi kujiona nimepungukiwa.

Leo nilimwimbia wimbo mpya. Nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya Jumapili ya Shukrani, na nimeupika polepole mwaka mzima. Soprano wanaanza peke yao, chini chini, alto wanaingia nyuma yao, halafu wanaume wanakuja wote kwa pamoja. Alisikiliza amefumba macho. Mwisho akasema, "Mwenzangu, wimbo huu utaliza watu."

"Nyinyi shikeni sauti zenu," nikamjibu. "Kulia tuwaachie wenyewe."

Asante kwa Mama Alto.

Ijumaa, 10 Oktoba

Umeme ulikatika kwa dobi tangu asubuhi. Tajiri amefura, sisi wapiga pasi tumekaa tukipiga soga. Asante kwa shirika la umeme.

Jumapili, 12 Oktoba

Mzee wa mlangoni, yule anayepokea watu na kuwaonyesha viti, ameitwa mbele leo. Mchungaji amemshukuru kwa maneno matamu mpaka mzee akajifuta macho, kisha akapewa saa ya ukutani yenye picha ya msalaba. Watu wakapiga vigelegele. Nilimsindikiza nyumbani na saa yake, akaniambia Jumapili ijayo atawahi mapema ili aipange vizuri safu ya mbele. Maskini, hajaelewa. Fundi bomba wa kanisa alipewa saa, hakuonekana tena na spana. Aliyekuwa mhasibu alipewa saa.

Nilipomsimulia mume wangu, akasema bila kuinua kichwa kwenye waya zake, "Kanisa lenu likianza kukushukuru, mama, wewe chomoka mbio." Yeye huja kanisani siku za harusi na mazishi tu, kwa hiyo ana maoni mengi.

Asante kwa mzee wa mlangoni, maana waliomshukuru leo hawakumwambia walichokuwa wanakifanya.

Jumanne, 14 Oktoba

Mazoezi. Mvua ilipiga mabati ya kanisa, sikuwasikia alto hata kidogo. Alto husimama kushoto kwangu. Nikasema ni mvua. Mvua ilipokatika bado sikuwasikia, ila midomo yao nikaiona inafunguka. Asante kwa macho.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimetoka kwa daktari wa masikio. Alinivisha vile vifaa vya kichwani, akaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Tulianza na sikio la kulia, nikabonyeza, mingine nikaisikia kwa mbali sana. Tukaja la kushoto. Nilikaa na kitufe mkononi nikisubiri mlio uanze. Nikasubiri, nikasubiri, nikaona anakuja kunivua vifaa. Kumbe ulianza na ukaisha.

La kushoto limekwenda, amesema. La kulia nalo limeanza safari hiyo hiyo. Inaweza kuwa miaka, inaweza kuwa miezi, hawezi kuahidi. Dawa hakuna. Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia napiga pasi. Sikuweza kutaja ile nyingine.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Alto, ndiyo ilikuwa siku yetu. Nilimwambia kila kitu, mpaka ni upande gani. Nikamwambia sitaki mtu mwingine ajue, hata mume wangu bado sijamwambia. "Ninaomba kitu kimoja tu," nilisema. "Niuongoze wimbo huu Jumapili ya Shukrani. Niisikie kwaya nzima ikiuimba, mara moja tu, halafu mengine yatakayokuja yaje."

Alinishika sikio la kushoto kwa viganja vyote viwili, akaomba mpaka machozi yakamwagikia kwenye bega langu. Tuliponyanyuka nikamwambia tena, "Siri yetu."

"Mimi, wewe na Bwana," akasema.

Asante kwa kuwa yupo mtu mmoja anayejua.

Jumamosi, 18 Oktoba

Asante kwa sabuni iliyotoa doa la mchuzi kwenye suti ya bwana harusi wa leo.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua kubwa kama hii haijawahi kutokea. Ilianza katikati ya maombi, na tulipopanda kuimba mabati yalikuwa yanaunguruma, mtu hasikii hata pumzi yake. Mchungaji alinionyesha kwa mkono tukae. Nikakataa. Niliwaangalia wanakwaya wangu wote machoni, nikainua mikono, wakaimba. Hakuna aliyesikia kitu, si soprano, si besi, si waliokaa. Walifuata vidole vyangu tu, na mvua ilipopungua ghafla katika ubeti wa mwisho, kumbe wote walikuwa pamoja, mahali pamoja, sauti moja. Kanisa zima lilisimama.

Kwa muda ule wote tulikuwa sawa, wao na mimi. Nimecheka njia nzima kurudi nyumbani, nimelowa chapachapa. Asante kwa mabati.

Jumatano, 22 Oktoba

Leo akina mama wana maombi yao ya katikati ya wiki. Mimi siwezi kwenda, niko kazini. Asante kwa wote wanaotuombea tusiopata nafasi.

Ijumaa, 24 Oktoba

Asante kwa viazi.

Jumanne, 28 Oktoba

Mazoezi. Kiongozi wa tenor alikuja kuniuliza jambo. Alikuwa kushoto kwangu, akasita, akazunguka nyuma yangu akaja kusimama kulia ndipo akauliza. Nikajibu. Akaja dada wa soprano, naye akazunguka. Nikasema moyoni labda pale sakafu ina maji. Halafu akaja Ngurumo, ambaye miguu inamuuma na hazunguki hata bakuli la chakula, akafunga safari nzima kuja kulia kwangu, akaongea polepole na kwa sauti kubwa, mdomo akiupanua. "Mwa-li-mu. U ha-li ga-ni?"

Ni mtu mmoja tu niliyemwambia ni sikio lipi.

Sina asante leo. Nimechelewa kulala bure.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimemwambia mume wangu. Nilimkalisha, nikazima redio, nikajikaza, nikasema. Akaniangalia kwa huruma, si kwa mshangao. "Nilijua tangu Juni, mama. Hiyo redio yako inasikika mpaka kwa kinyozi."

"Mbona hukusema?"

"Ni sikio lako. Nilikuwa nakusubiri wewe useme."

Kumbe ndiyo maana miezi yote hii amekuwa akitembea kulia kwangu barabarani, mimi nikidhani anakwepa madimbwi. Mtu ambaye kanisani wanamwombea aokoke alikuwa na siri yangu mfukoni tangu Juni na hakumpa mtu, hata mimi mwenyewe. Asante kwa huyu mume.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nilimuuliza tulipokuwa bado tumepiga magoti. "Umemwambia mtu?"

"Mimi?" Mama Alto akafumbua macho. "Hapana, mwenzangu. Labda wameona wenyewe. Watu wana macho."

Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Asante kwa jibu lake.

Jumapili, 2 Novemba

Asante kwa jua.

Jumanne, 4 Novemba

Wimbo umeanza kukaa. Alto wanaingia mahali pao, naona kwa midomo na kwa mabega. Nikiwageuzia sikio la kulia nawasikia kidogo. Mama Alto siku hizi anasimama mstari wa mbele, na mara mbili nimemkuta mikono yake inakwenda pamoja na yangu, chini chini, usawa wa kiuno. Nilifikiri anahesabu mapigo. Asante kwa mwanafunzi mwenye bidii.

Jumapili, 9 Novemba

Kwenye matangazo mchungaji amesema, "Na tunamshukuru sana mama mwalimu wetu wa kwaya kwa utumishi wake wa miaka mingi." Hivyo tu, katikati ya tangazo la usafi na la vijana. Makofi yakapigwa. Nilijipa moyo kwamba ni msimu wa shukrani, kila mtu anashukuriwa.

Mume wangu nilipomwambia, aliweka chini bisibisi. Hakutania.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Majoho ya kwaya yaliletwa kwa dobi asubuhi, kwenye mifuko, yapigwe pasi kwa ajili ya Jumapili ya Shukrani. Kila mwaka huwa ninayapiga mimi mwenyewe, sikubali mwingine ayaguse, maana kitambaa kile kikiungua kinang'aa kama kikaango. Yote ni ya bluu. La mwalimu lina ukosi mweupe, ndilo la pekee, na kwa kuwa mimi ni mrefu lilishonwa refu kuliko mengine.

Nililiacha la mwisho, kama kawaida yangu. Nikaanza na ukosi, nikaja mabegani, mikono, kifua, nikiuimba wimbo wangu kwa ndani. Nikashuka mpaka chini. Upindo ulikuwa umepandishwa, shibiri nzima, na mikono nayo imekunjwa ndani ikashonwa kwa uzi mpya. Kwanza nikafikiri fundi amekosea. Nikaliinua, nikajipima mbele ya kioo cha wateja. Likaishia kwenye magoti. Katika kwaya yetu kuna mtu mmoja tu wa kimo kile mwenye mikono mifupi namna ile.

Nimepiga pasi joho la mtu mwingine nikidhani ni langu.

Mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza kama nimeungua. Nikamwambia ndiyo. Nililimalizia, upindo na yote, nikalitundika. Sikuungua popote, na kitambaa nacho sikukiunguza, ingawa mkono ulitamani sana.

Sikwenda kwa Mama Alto jioni hii. Ni Alhamisi ya kwanza kuikosa tangu mama yangu afariki. Hakunipigia simu kuuliza kulikoni.

Ijumaa, 14 Novemba

Niliomba ruhusa kazini nikaenda ofisini kwa mchungaji. Ofisi yake ina kiti cha wageni kilicho chini kuliko chake, unamwangalia kwa kumwinulia kidevu. Saa za ukutani zilikuwa bado kwenye maboksi, pembeni ya kabati.

"Mama mwalimu! Nilikuwa nakuja kwako wiki hii hii," alisema, na labda ni kweli. "Kanisa linakushukuru mno. Tumeona vyema upumzike. Jumapili ya Shukrani tutakuheshimu mbele ya watu wote, utakaa kiti cha mbele, na wimbo wako utaimbwa."

"Nani ataongoza?"

Akamtaja.

"Mchungaji, mimi sikuomba kupumzika."

Akapanga kalamu zake mezani, kubwa na ndogo. "Lakini mwenzako alituambia ni ombi lako mwenyewe. Alisema masikio yanakusumbua, umechoka, unataka kuachia ngazi ila unaona haya kusema. Akina mama wamekuwa wakikuombea kila Jumatano. Wazee walifurahi kwamba umeamua kwa hiari."

Nikamwambia sijaamua. Nilisema nataka kuongoza wimbo mmoja, ule, siku ile moja, kisha nitaondoka kwa miguu yangu na saa yao nitaipokea. Nilisema wazi, kwa sauti ya chini. Aliniangalia na nikaona ameelewa. Ameelewa kwamba amedanganywa, na kwamba anaweza kulitengeneza jambo hili kwa neno moja.

"Programu imeshachapishwa, mama," akasema. "Na nikibadilisha sasa, kutakuwa na maneno. Tulichukulie kuwa ni mpango wa Mungu."

Mchungaji wetu si mtu mbaya. Anaogopa maneno, basi. Nimemtumikia mtu anayeogopa maneno muda wote huu na sikujua.

Kutoka pale nilikwenda kwa Mama Alto. Alikuwa anaanua nguo, mvua inakaribia. Aliponiona akakumbatia shuka kifuani.

"Nilikuambia usimwambie mtu," nilisema.

"Sikusema, mwenzangu. Niliomba. Niliwaambia akina mama tukubebe kwenye maombi. Nilikupeleka kwa Bwana."

"Ulinipeleka kwa Bwana kupitia kwa watu wangapi?"

Matone yakaanza. Nikamuuliza nani alisema nimechoka, nani alisema naona haya.

"Waliniuliza itakuwaje kuhusu kwaya. Nikaona wakikuondoa utaaibika. Afadhali ionekane umeomba mwenyewe. Nilikuwa nakusitiri."

"Na walipouliza nani atashika nafasi?"

Alianza kulia, na mimi sikuyaamini machozi yake, nikajichukia kwa kutoyaamini. "Miaka yote nimekaa chini ya mkono wako," alisema. "Ukinishusha nashuka, ukininyamazisha nanyamaza. Na mimi nilitaka mara moja tu kusimama pale mbele. Mara moja tu, mwenzangu."

"Mimi niliomba mara moja hiyo hiyo. Ulikuwa umenishika sikio nilipoiomba."

Mvua ikamwagika. Tulisimama pale tukilowa na nguo zake zinalowa, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukimbilia ndani, kisha mimi nikaondoka.

Ameniuza. Nimelizungusha neno hilo jioni yote nikitafuta lililo laini zaidi, sijaliona. Angenisema sokoni ningeumia, lakini angalau ningemwita msengenyaji yaishe. Yeye amenitoa nje akiwa amepiga magoti, na kila aliyepokea alisema amina.

Jumapili, 16 Novemba

Sikwenda ibadani. Leo sina.

Jumatatu, 17 Novemba

Sina.

Jumanne, 18 Novemba

Mazoezi yamefanyika bila mimi. Kutoka kwa dobi mpaka kanisani si mbali, na upepo ulikuwa unatoka huko. Nilisimama mlangoni na sikio la kulia nje kama mjinga. Nilipata besi tu. Sina asante.

Alhamisi, 20 Novemba

Asante kwa mvua, inanipa sababu ya kutotoka.

Jumamosi, 22 Novemba

Ngurumo amekuja kwa dobi, amejikokota na miguu yake. Alisimama kulia kwangu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu, sisi tuliambiwa umeomba mwenyewe. Tungejua, tusingekaa kimya."

"Ungeweza kuniuliza, mzee wangu."

"Ningeweza," akakubali. Akakaa kwenye benchi la wateja, kisha akaniambia wanakwaya wanataka kugoma. Niseme tu, hawataimba.

Nilifikiri kwa muda wa kupiga pasi suruali mbili. Ningeitaka sana picha hiyo: yeye mbele na joho lililofupishwa, mikono juu, na hakuna mdomo unaofunguka. Ningekuwa mwongo nikiandika kwamba sikuitamani. Lakini wimbo usipoimbwa sitausikia, na mwakani huenda nisiwe na cha kusikilizia.

"Waimbe," nikamwambia. "Na muimbe vizuri. Mtu akiboronga nitajua."

Asante kwa Ngurumo kuja. Amechelewa, lakini amekuja.

Jumatano, 26 Novemba

Mume wangu amesema atakuja Jumapili. Nikamwambia si harusi wala mazishi. Akasema hana hakika.

Jumapili, 30 Novemba

Jumapili ya Shukrani.

Waliniweka kiti mbele kabisa, kiti chenye kitambaa cheupe, kinatazama watu. Kwaya ilipangwa kushoto kwangu. Nani aliyepanga sijui. Watu wote wale waliojifunza kuzunguka kuja kulia kwangu, na siku yenyewe ya kunishukuru wamenipa kwaya upande uliokufa.

Mama Alto alitoka mbele na ukosi mweupe. Pasi ilikuwa imekaa vizuri, hilo nilikubali. Akawapa kila sauti mwanzo wake, akainua mikono. Nikaona soprano wanafungua midomo. Sikusikia kitu. Nikajua wako mstari wa kwanza, nikajua neno lenyewe, nikasubiri, na ilikuwa kama kwa daktari, nimekaa na kitufe mkononi. Alto wakaingia, naona mabega yao, na mimi sina hata sauti moja. Nikasema, wimbo huu utaanza na kuisha, na mimi nitaletewa saa.

Basi nilisimama. Nikakishika kile kiti chao na kitambaa chake, nikakigeuza kikaelekea ukutani, nikaketi. Sasa sikio la kulia lilikuwa upande wa kwaya, na kanisa lote likawa nyuma ya mgongo wangu. Nilihisi minong'ono inapita kwenye viti, ingawa sikuisikia. Sikujali. Nilifumba macho.

Nikawasikia. Kwa mbali, kama redio ya kwa jirani, lakini wote. Soprano wale wale niliowapigia kelele, alto ndani yao, na wanaume walipokuja, Ngurumo chini kabisa ameshika sakafu. Waliimba vizuri. Lazima niandike hivyo. Mama Alto aliuongoza vizuri, kila mahali nilipokuwa nikivuta pumzi na yeye alivuta, maana kila kitu alijifunza kwangu. Iliniuma zaidi kuliko kama angeharibu. Nililia nikiuangalia ukuta, na waliokuwa nyuma yangu hawakuona, waliona mgongo tu.

Mchungaji akaja na saa kwenye boksi na kipaza sauti. Alinishukuru kwa muda mrefu. Kisha akanipa nafasi ya neno la shukrani. Nilikuwa nimejiandalia kusema asanteni na kuketi.

"Wimbo mmeuimba vizuri," nilisema. "Kwa hilo nashukuru kwa moyo wote. Lakini mimi sikuomba kupumzika. Niliomba kuuongoza wimbo huu leo, kwa kuwa huenda mwakani nisiusikie. Siri yangu nilimpa mtu mmoja, akaitoa kama ombi, mkaipokea kama ombi, na katika wote mlioniombea hakuna aliyekuja kuniuliza. Hilo siwezi kulishukuru leo. Siwezi, na sitaki kudanganya mbele ya madhabahu."

Mchungaji akasema, "Amina," kwa mazoea, kisha akaonekana anatamani kulirudisha mdomoni.

Nje, watu walinipisha njia. Mama Alto alinifuata mpaka kwenye lango, joho bado mwilini. Alikuja kulia kwangu.

"Ulitupa mgongo," alisema. Macho yamemvimba. "Kanisa lote liliona. Kwa nini usingesubiri angalau tumalize?"

Nilimwangalia. Mtu niliyemwonyesha ni sikio lipi, aliyelishika kwa mikono yake, hakuwa ameelewa nilichofanya.

"Niligeuka ili niwasikie," nikamwambia.

Alifunika mdomo kwa mkono. Niliona limemwingia, lote kwa mara moja. Akanyoosha mkono wa pili anishike, na mimi nikarudi nyuma hatua moja. Mume wangu akaichukua saa, akanishika kiwiko, upande wa kulia, tukaenda zetu.

Jumatatu, 1 Desemba

Siku ya kufunga. Mvua imekatika tangu jana. Mume wangu amepigilia msumari, saa iko ukutani. Nimemuuliza kama inapiga kelele. Ametega sikio, akasema, "Inapiga, tena sana, mpaka inakera." Nikamwambia aiache hapo hapo, kushoto kwa kiti changu.

Mchungaji alisema asante ya mwisho iwe ya mtu aliyetuumiza. Nimekaa na kalamu tangu chai ya asubuhi. Nimeandika jina lake, nikalikata, nikaliandika tena. Nimemkumbuka akiosha vyombo vyangu wakati wa msiba. Nimekumbuka ule upindo. Vyote viwili ni vya mikono ile ile na sijui nivifanyeje.

Asante kwa sikio la kulia.

Asante kwa wimbo.

Mama Alto, bado.